Nahodha wa Kerry anatoka wapi? Jibu kwa msomaji wa Tralee

Msomaji anayefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Tralee, kusini-magharibi mwa Ireland, ameandika hivi: "Kaka, nisaidie. Huku nilipo Ligi Kuu ya Uingereza ni mazungumzo ya pembeni tu, kinachowakosesha watu usingizi ni mpira wao wa Kigaeli. Mzee mmoja ninayemhudumia aliniambia nahodha wa timu ya kaunti ya Kerry hachaguliwi na kocha, anatolewa na klabu iliyotwaa ubingwa wa kaunti. Mwenzake wa kitanda cha pili akamkatiza: siku hizi ubingwa wenyewe unachukuliwa na timu ambazo hata si klabu. Walibishana hadi chai ikapoa. Nani mkweli? Na mwanangu wa miaka tisa ameanza kucheza huku. Anaweza siku moja kuwa nahodha wa Kerry?"

Ndugu yangu, wazee wako wote wawili wamesema kweli, ndiyo maana hawakupatana. Kila mmoja ameshika ncha moja ya kamba ileile. Kamba yenyewe ni ndefu, inaanzia 1889, kwa hiyo vuta kiti.

Tuanze na neno kaunti, maana msomaji wa Kenya akilisikia anamwona gavana na bajeti. Kerry nayo ina halmashauri yake, lakini kaunti inayowaliza watu huko ni ya mpira. Kisiwa kizima cha Ireland, kusini na kaskazini, kina kaunti 32 za jadi, na Chama cha Michezo cha Kigaeli, kinachojulikana kwa herufi GAA, kiliigawa michezo yake kwa mipaka hiyohiyo. Chama kilianzishwa tarehe 1 Novemba 1884 katika hoteli ya Hayes mjini Thurles. Aliyekuwa mbele katika wito huo ni mwalimu Michael Cusack, na rais wa kwanza akawa mwanariadha Maurice Davin. Chini ya kaunti kuna klabu, na klabu kwa kawaida ni parokia: unachezea ulipozaliwa au ulipokulia. Hakuna mshahara wala dirisha la usajili. Bwana unayemwona leo akishangiliwa na watu 80,000 uwanja wa Croke Park, Dublin, keshokutwa asubuhi yuko kazini, anafundisha hisabati au anauza bima.

Mchezo wenyewe umeshauona. Wachezaji 15 kila upande, mpira unadakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu au kwa ngumi, na goli lina milingoti mirefu. Mpira ukipita juu ya mwamba ni pointi moja, na ukiingia wavuni ni goli, lenye thamani ya pointi tatu. Tangu 2025 kuna pia pointi mbili kwa shuti linalopigwa kutoka nje ya tao la mita 40. Ndiyo sababu matokeo yanaandikwa kwa namba mbili: 1-15 maana yake goli moja na pointi 15, jumla 18. Kumbuka hesabu hiyo, tutaihitaji mbele kwa jambo la kuhuzunisha.

Sasa jambo ambalo wengi, hata Waireland vijana, hawalijui. Mashindano ya kwanza ya Ireland nzima, ya mwaka 1887, hayakuwa ya timu za kaunti kwa maana ya leo. Hapakuwa na kikosi teule. Klabu iliyokuwa bingwa wa kaunti ndiyo iliyokuwa kaunti. Fainali ya mpira ya mwaka huo, iliyochezwa Aprili 1888, vitabu vinaiandika Limerick dhidi ya Louth, lakini waliokuwa uwanjani ni klabu ya Commercials ya Limerick na Young Irelands ya mji wa Dundalk. Commercials walishinda 1-4 kwa 0-3. Timu ilikuwa na wachezaji 21, na goli moja lilikuwa zito kuliko pointi zote duniani. Ungeweza kufunga pointi kumi, mwenzio akafunga goli moja, na mkaondoka yeye akiwa mshindi.

Kerry walicheza ubingwa wao wa kwanza wa kaunti 1889. Waliochukua ni Laune Rangers wa Killorglin, mji mdogo kando ya mto Laune, chini ya nahodha wao J. P. O'Sullivan, aliyekuwa pia mwanariadha mwenye sifa. Wakachukua tena 1890, 1892 na 1893. Mwaka ule wa 1892 walifika hadi fainali ya Ireland nzima kwa jina la Kerry na kupoteza mbele ya Dublin, yaani klabu nyingine, Young Irelands wa Dublin.

Mwaka huohuo wa 1892 sheria zilibadilika, na hapa ndipo jibu la mzee wako wa kwanza lilipo. Wachezaji walipunguzwa kutoka 21 hadi 17, goli likapewa thamani ya pointi tano (tatu zilikuja baadaye kidogo), na klabu bingwa ikaruhusiwa kuazima wachezaji kutoka klabu nyingine za kaunti. Kuazima, ndugu yangu. Klabu bingwa ilibaki mwenye nyumba, wengine wakawa wageni wake. Na mwenye nyumba ndiye anayekaa kichwani pa meza. Miaka ilipokwenda, kazi ya kuteua kikosi ilihama kwa bingwa ikaenda kwa wateuzi, halafu kwa meneja na benchi lake la ufundi. Kaunti nyingi ziliacha na unahodha uende nao. Kerry hawakuuachia. Unahodha ndicho kipande kilichobaki cha ile siku ambapo bingwa wa Kerry alikuwa ndiye Kerry mwenyewe.

Nimesikia watu wakiuita utaratibu huo ushamba. Kwa hesabu ya kiufundi wana hoja, nitafika huko. Lakini ukitaka kujua historia ya ubingwa wa kaunti ya Kerry, fuata orodha ya manahodha wa timu ya kaunti. Bingwa wa mwaka huu humtoa nahodha wa mwaka ujao, kwa hiyo kila nahodha ni kivuli cha fainali iliyochezwa vuli iliyotangulia.

Kerry walipotwaa ubingwa wao wa kwanza wa Ireland, ule wa 1903, baada ya kukutana na Kildare mara tatu ndipo wakatenganishwa, nahodha alikuwa Thady O'Gorman wa Tralee. Wa 1904 alikuwa Austin Stack, naye wa Tralee. Jina hilo unapita mbele yake kila siku: uwanja wa mji wenu unaitwa Austin Stack Park. Baadaye aliingia katika harakati za kudai uhuru na kuwa waziri katika serikali ya wanamapinduzi. Alifariki 1929, na klabu ya mtaa wa Rock Street ikachukua jina lake. Ndiyo Austin Stacks ya leo. Killarney nao walikuwa na Dick Fitzgerald wa klabu ya Dr Crokes, nahodha wa 1913 na 1914, mtu aliyeandika kitabu cha kufundisha mchezo huu wakati wengine walikuwa bado wanaamini nguvu za mabega zinatosha. Uwanja wa Fitzgerald, ambako fainali nyingi za kaunti zimechezwa, ulifunguliwa kwa heshima yake 1936.

Kabla sijaendelea, jifunze mitaa yako, maana wazee wa Tralee hawazungumzi kwa majina rasmi. Rock Street ni Austin Stacks. Boherbee ni John Mitchels. Strand Road ni Kerins O'Rahilly's. Majina yote hayo ni ya watu wa harakati. Mitchel alikuwa mwandishi aliyehamishwa na Waingereza katika karne ya 19. O'Rahilly aliuawa Dublin katika mapigano ya Pasaka ya 1916. Kerins alikuwa kijana wa klabu hiyohiyo, kiongozi wa jeshi la siri la IRA, aliyenyongwa 1944 na serikali ya Ireland yenyewe. Kwa hiyo mechi ya mitaa ya Tralee haikuwa mechi tu. Ndipo tunafika kwenye kisa ambacho mimi nikiulizwa unahodha wa Kerry una maana gani, ndicho ninachokisimulia.

Baada ya Mkataba wa 1921 na Uingereza, Waireland waligawanyika. Wapo waliokubali Dola Huru, yaani serikali mpya iliyotokana na mkataba huo, wapo wanajamhuri walioona wameuzwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Juni 1922 na kuisha Mei 1923, na hakuna kaunti iliyochafuka kama Kerry. Huko Ballyseedy, nje kidogo ya Tralee, Machi 1923, askari wa Dola Huru waliwafunga wafungwa tisa wa kijamhuri pamoja na bomu la ardhini na kulilipua. Wanane walikufa. Mmoja, Stephen Fuller, alirushwa na mlipuko akanusurika. Mnara wa kumbukumbu uko kando ya barabara, pengine umeupita ukiwa kwenye basi.

Katika mashindano ya 1924, Kerry walikuwa mabingwa wa Ireland wakiwa na wachezaji wa pande zote mbili. Con Brosnan, kutoka kijiji kinachoitwa sasa Moyvane kaskazini mwa kaunti, alikuwa ofisa wa jeshi la Dola Huru. John Joe Sheehy wa Boherbee alikuwa kamanda wa wanajamhuri, anasakwa na jeshi hilohilo. Kisa kinachosimuliwa mpaka leo ni kwamba Brosnan alimhakikishia Sheehy usalama siku ya mechi: anatokea katikati ya watazamaji, anacheza, kipenga cha mwisho kikilia anapotelea tena kwenye umati. Hawakuwa wamesameheana. Walikuwa wanapasiana mpira, basi.

Sasa tazama orodha. Kuanzia 1929 hadi 1932 Kerry walitwaa ubingwa wa Ireland mara nne mfululizo. Rock Street walikuwa mabingwa wa kaunti 1928, kwa hiyo nahodha wa 1929 akawa mtu wao, beki Joe Barrett. Boherbee wakachukua kaunti 1929, nahodha wa 1930 akawa John Joe Sheehy. Rock Street wakarudi kileleni 1930. Nahodha wa 1931 kwa haki ilikuwa awe Barrett tena, na klabu yake ilikuwa ngome ya wanajamhuri. Barrett mwenyewe alikuwa amefungwa na Dola Huru wakati wa vita. Akakataa unahodha na kumpa Con Brosnan, ofisa wa jeshi lililomfunga.

Fikiria kikao cha klabu kilikuwaje usiku ule. Watu wa Rock Street wengi hawakutaka hata kusikia, na uchungu ulikuwa wa miaka minane tu, si wa miaka themanini. Lakini haki ya kutoa nahodha ilikuwa yao, na mtu wao alikuwa ameamua kuigawa. Brosnan akaongoza, Kerry wakashinda. Mwaka uliofuata Barrett akawa nahodha tena, wakashinda tena. Kama unahodha ungekuwa karatasi ya kocha, Barrett asingekuwa na kitu cha kumpa Brosnan.

Familia ya Sheehy haikuishia hapo. John Mitchels walitwaa kaunti 1952, na nahodha wa 1953 akawa Paudie, mtoto wa John Joe. Fainali ya Ireland ikaja, Kerry dhidi ya Armagh, wateuzi wakatangaza kikosi na nahodha hayumo. Aliyeongoza timu na kupokea kombe la Sam Maguire, ndilo la bingwa wa Ireland, ni Jas Murphy. Hilo ndilo tatizo la utaratibu huu tangu zamani: klabu inakupa unahodha, lakini namba uwanjani inatolewa na watu wengine. Kisha John Mitchels wakafanya jambo ambalo hakuna klabu iliyolifikia katika kaunti ile, ubingwa mara tano mfululizo, 1959 hadi 1963. Nahodha wa Kerry wa 1962 akawa Seán Óg Sheehy, mdogo wake Paudie, na kombe alilolikosa kaka yake akalinyanyua yeye. John Mitchels walichukua kaunti kwa mara ya mwisho 1966. Ukimwona mzee wa Boherbee amenuna bila sababu, sababu ni hiyo.

Mzee wa kitanda cha pili sasa. Timu ambazo si klabu.

Kerry ni rasi na milima, na miji mikubwa ni miwili tu, Tralee na Killarney. Sensa ya 2022 ilihesabu watu wapatao 156,000 katika kaunti nzima. Kule mwisho wa rasi ya Iveragh au ya Dingle, parokia ina vijana wa kutosha timu moja, na hao nao robo wako London, Boston au Sydney. Ukiwaacha wapambane na Dr Crokes kila mwaka watafungwa mpaka waache mchezo. Dawa ya Kerry ilikuwa timu za kanda: klabu ndogo za eneo zinachangia wachezaji wao bora katika timu moja ya kugombea ubingwa wa kaunti, huku kila klabu ikiendelea na mashindano yake ya daraja la chini. Ndiyo South Kerry, Mid Kerry, West Kerry, East Kerry, Shannon Rangers, Feale Rangers na wenzao. Klabu kubwa zinaingia peke yake. Katika droo moja, basi, unakuta mtaa mmoja wa Tralee umepangwa na nusu ya pwani.

Bila kanda hizo, unahodha wa Kerry ungekuwa mali ya Tralee na Killarney milele. South Kerry walitwaa kaunti 1958, na nahodha wa 1959 akawa Mick O'Connell wa kisiwa cha Valentia. Siku hizo kisiwa hakikuwa na daraja, na mwenyewe alikuwa akivuka kwa mashua kwenda na kurudi mazoezini. Kijana wa kisiwani mwenye makasia mikononi, nahodha wa mabingwa wa Ireland. Hilo lilitoka kwenye kanda, si kwenye klabu.

Mfululizo ninaoupenda kuliko yote ni ule wa miaka ya 1978 hadi 1982. Kocha alikuwa Mick O'Dwyer, na kikosi kilikuwa karibu kilekile kila mwaka. Kocha wa kawaida angemchagua nahodha mmoja akadumu naye. Tazama kilichotokea. Shannon Rangers walikuwa mabingwa wa kaunti 1977: nahodha wa 1978 ni Ogie Moran, bingwa wa Ireland. Feale Rangers 1978: Tim Kennelly, bingwa. Austin Stacks 1979: Ger Power, bingwa. Feale Rangers tena 1980: Jimmy Deenihan, bingwa. Makombe manne, manahodha wanne. South Kerry wakachukua kaunti 1981, zamu ikamwangukia John Egan wa kijiji cha Sneem, mshambuliaji ambaye hakuna aliyemwonea wivu kwa sababu wote walimpenda. Walikuwa wanawania kombe la tano mfululizo, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kufanywa na kaunti yoyote wakati huo. Wimbo wa ushindi ulikuwa umeshatungwa. Dakika mbili hivi kabla ya mwisho, mchezaji wa akiba wa Offaly, Séamus Darby, akadaka mpira wa juu nyuma ya beki wake na kuujaza wavuni. Offaly 1-15, Kerry 0-17. Fanya ile hesabu niliyokwambia uikumbuke: 18 kwa 17. Egan hakuwahi kupata nafasi nyingine ya kulinyanyua kombe akiwa nahodha. Utaratibu unaogawa unahodha kwa zamu za bahati unagawa na msiba kwa njia hiyohiyo.

Kuanzia hapo mambo yana mkanganyiko ambao nadhani ndio uliopooza chai. Msimu wa 1970-71 GAA ilianzisha ubingwa wa klabu wa Ireland nzima. Waliokuwa wa kwanza kuutwaa ni East Kerry, yaani kanda. Klabu za kaunti nyingine zikang'aka: mtatuleteaje nusu ya kaunti kucheza na parokia moja? Tangu zamani sasa mlango huo umefungwa kwa kanda. Kanda ikitwaa ubingwa wa Kerry, inapewa kombe la Askofu Moynihan, inapata heshima ya kumtoa nahodha, halafu safari inaishia hapo. Anayekwenda kuwakilisha Kerry katika jimbo la Munster na kuendelea ni bingwa wa mashindano mengine, ya klabu tupu, yanayochezwa ndani ya kaunti ileile.

Kwa hiyo Kerry ina mabingwa wawili miaka mingine, na hapo ndipo mgeni anapotea. Castleisland Desmonds walikuwa mabingwa wa klabu wa Ireland nzima 1985 ilhali ubingwa wa kaunti wa 1984 ulikuwa mikononi mwa West Kerry. Nahodha wa Kerry mwaka huo hakutoka Castleisland iliyotawala Ireland, alitoka West Kerry: Páidí Ó Sé wa Ventry, naye akanyanyua kombe la Sam Maguire. Miaka ya karibuni ni hivyohivyo. East Kerry walitwaa kaunti 2019, 2020, 2022 na 2023. Mwaka 2022 walioiwakilisha Kerry mbele walikuwa Kerins O'Rahilly's, jirani zako wa Strand Road, wakatwaa Munster. Mwaka 2023 walikwenda Dingle, wakapoteza fainali ya Munster kwa penalti mbele ya Castlehaven wa Cork.

Ukitaka mtu mmoja wa kukuonyesha mambo haya yote, mtazame David Clifford. Klabu yake ni Fossa, parokia ndogo nje ya Killarney. Januari 2023 aliichezea Fossa fainali ya Ireland ya daraja la chini kabisa la klabu, wakashinda. Miezi michache kabla alikuwa bingwa wa kaunti na East Kerry. Na majira ya joto ya 2022 alikuwa bingwa wa Ireland na Kerry. Jezi tatu, na kila moja ni ya kwao. Mwaka 2020 alikuwa nahodha wa Kerry akiwa na miaka 21, kwa sababu East Kerry walikuwa mabingwa wa 2019. Kwa hiyo mzee wako wa pili anapolalamika kwamba kanda zimevimba kupita kiasi, ana hoja. East Kerry yenye Clifford na wachezaji wa klabu za jirani ni mlima kwa klabu yoyote. Mimi nasema hivi: kanda ni sawa mradi ubingwa unazunguka, na ukikaa mahali pamoja miaka minne kati ya mitano, inafaa watu wakae waangalie upya mipaka. Klabu zenyewe hazijalala. Austin Stacks walichukua 2021, Dr Crokes wakachukua 2024.

Lawama kwa unahodha wa aina hii ni ya siku zote. Bingwa anaweza kuwa na mchezaji mmoja tu kwenye kikosi cha kaunti, naye yuko benchi. Mwaka 2014 Dr Crokes walitoa manahodha wawili kwa kupokezana, Fionn Fitzgerald na Kieran O'Leary, na mwisho wakalinyanyua kombe pamoja. Mwaka 2022 nahodha kutoka Austin Stacks alikuwa Joe O'Connor, majeraha yakamweka nje, na aliyeongoza uwanjani siku ya fainali ni Seán O'Shea wa Kenmare. Mwaka 2025, Kerry walipopata ubingwa wao wa 39 kwa kuifunga Donegal, nahodha alikuwa Gavin White. Anatoka klabu gani? Dr Crokes, mabingwa wa kaunti wa 2024. Uzi ulioanza na Laune Rangers haujakatika.

Na hao Laune Rangers, ukitaka kujua: baada ya 1911 walikaa bila ubingwa wa kaunti hadi 1989, miaka 78. Kisha wakachukua 1993, 1995 na 1996, wakawa mabingwa wa klabu wa Ireland nzima 1996, na Kerry ilipotwaa kombe la Sam Maguire 1997 baada ya ukame wa miaka 11, nahodha alikuwa Liam Hassett wa Killorglin.

Sasa mwanao. Ndiyo, anaweza. Hakuna kanuni inayouliza babu yake alizaliwa wapi. Stefan Okunbor, kijana wa Tralee mwenye asili ya Nigeria, amechezea Kerry kutoka klabu ya Na Gaeil ya mji huohuo. Lakini kuwa mchezaji bora wa kizazi chake hakutamtosha mwanao. Itabidi klabu yake, au kanda yake, itwae kaunti mwaka mmoja kabla. Hilo halimtegemei yeye peke yake, linawategemea pia wale watoto wengine 14 anaokimbia nao kwenye matope Jumamosi asubuhi, na kama hawatahamia Australia wakifika miaka 22. Fainali ya kaunti huchezwa vuli. Mpeleke aione, nunua tiketi mapema, vaa koti la mvua hata kama anga ni jeupe.

Jambo moja hukulisema katika barua yako: amejiandikisha klabu gani? Ulizia vizuri kama ni Boherbee, Rock Street au Strand Road, halafu uulizie na wale wazee wawili walikulia mtaa gani, kabla hujaingia chumbani kwao na picha ya mtoto akiwa amevaa jezi.